Feza ya universite inatafutwa mbele ya matokeo

Likasi. – Siku matokeo ya Exetat yanapotoka, hauhitaji radio kujua. Kutoka Kikula mpaka Panda unaona vijana wenye kichwa cheupe kwa poda, wanaimba njiani, wamama wanawafuata kwa vigelegele, moto zinapiga honi. Ni furaha ya haki. Mtoto aliyesoma miaka 12 na akafaulu anastahili poda yake.

Lakini miezi miwili nyuma ya poda, pita tena katika njia zile zile. Vijana ni wale wale, wamekaa mbele ya nyumba. Unawauliza: "Mumeandikishwa wapi?" Wanajibu: "Bado, tunangojea baba apate." Wengine wanangojea mwaka mmoja, wengine miwili, na wengine hawarudi tena kwenye kiti cha masomo. Katika kartie yangu ninaweza kuhesabu nyumba sita zenye kijana wa namna hiyo. Hawakushindwa mtihani. Walishindwa mwezi wa 10, wakati wa kuandikishwa.

Mwaka huu jambo hili limeingia nyumbani mwangu, maana tuna mafinalisti wawili chini ya paa moja. Ndiyo sababu ninaandika sasa, katika mwezi wa 2, wakati bado kuna kitu cha kufanya.

Wawili hao ni binti yangu, anayesoma kemia-biolojia, na mtoto wa mdogo wangu, anayesoma komersiale. Mdogo wangu anakaa Kambove. Alituletea kijana miaka mine iliyopita ili asome mjini. Ananiita mama mukubwa, na kwenye sahani ya bukari hakuna anayeuliza nani ni wa nani. Bwana yangu anachomelea milango na madirisha ya chuma. Mimi ninauza unga na kapenta sokoni, na jioni ninawaandikia ninyi habari za mji. Hatuna mshahara wa mwezi. Tuna majuma mazuri na majuma mabaya.

Wazee wa Likasi wanakumbuka wakati mwingine. Gécamines ilipokuwa na nguvu, mtoto wa mfanyakazi alisoma katika masomo ya kampuni, alitibiwa katika hospitali ya kampuni, na unga ulifika nyumbani kila mwezi. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ile ilitoa tani zaidi ya 450,000 za shaba kwa mwaka. Halafu mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka wa 1990, vurugu za kunyang'anya zikafuata mwaka wa 1991, na mwaka wa 1994 shaba haikufika hata tani 50,000. Kuanzia 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa ule mpango uliyoitwa wa kuondoka kwa hiari. Tangu siku hizo, hapa kwetu hakuna aliye nyuma ya mzazi. Masomo ya msingi ya serikali ni ya bure tangu 2019, na tunashukuru, lakini ubure huo unaishia kwenye mwaka wa 6 wa msingi. Katika sekondari na universite, mfuko ni wa nyumbani.

Majirani zetu wamejaribu njia nyingine. Kenya ina HELB tangu 1995, Tanzania ilitunga sheria ya bodi yake ya mikopo mwaka wa 2004. Kule kijana anaweza kukopa, asome, alipe wakati anapofanya kazi. Mikopo hiyo ina matatizo yake na si kila mtu anaipata, lakini angalau kuna mlango wa kubisha. Kwetu, banki ya mwanafunzi ni mama anayeuza unga. Kwa hiyo mama huyo lazima aanze mapema.

Tulipofungua masomo mwezi wa 9, tulikaa wanne mezani, sisi wazazi na watoto wawili, tukagawanya mwaka katika kazi tatu: mtihani, dosie, feza. Wazazi wengi wanashughulika na ya kwanza tu. Ninaeleza moja moja vile tunavyofanya.

Kuhusu mtihani, mambo mengi mnayajua. Exetat ina sehemu mbili. Kuna hors-session, pale mtoto anapoandika dissertation ya Kifaransa, na wa shule za ufundi wanaonyesha kazi ya mikono. Majuma kadhaa nyuma kuna session ya siku nne: utamaduni wa jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsyo. Maulizo ya siku hizo nne ni ya kuchagua jibu moja kati ya mengi, na karatasi zinasahihishwa mbali na hapa, si na mwalimu anayemjua mtoto. Asilimia 50 ndiyo mpaka wa kufaulu. Lakini asilimia 50 na asilimia 70 hazifungui milango ile ile, na hapo ndipo mtihani unakutana na feza: anayetafuta bourse hawezi kuridhika na kupita tu.

Kuna jambo moja la mtihani ambalo mzazi anaweza kulifanya mwenyewe hata kama hakusoma: kuangalia namna jina la mtoto lilivyoandikwa. Masomo yanapotuma orodha ya wagombea, mtoto anaandikwa jina, postinomu, prenomu, mahali na tarehe ya kuzaliwa. Herufi moja ikikosewa pale, itamfuata kwenye diploma, kwenye universite, mpaka kwenye kazi. Niliomba kuona orodha kwa macho yangu. Ya binti yangu ilikuwa sawa. Ya kijana ilikuwa na Lubumbashi badala ya Kambove kama mahali pa kuzaliwa. Ilisahihishwa siku ile ile kwa kalamu, bila kulipa kitu. Mwaka kesho ingekuwa safari, mihuri na feza.

Jambo la pili ni gumu kidogo kuliandika. Katika masomo moja ya mji, ambayo sitaitaja, wazazi waliombwa mchango "wa kuwapokea vizuri wasimamizi". Kila mtu anaelewa maneno hayo yana maana gani. Bwana yangu alisimama akauliza kama kuna risiti. Hakukuwa na risiti. Tulirudi nyumbani na feza yetu, na usiku ule binti yangu aliogopa kwamba watamfanyia vibaya. Nilimwambia ukweli ninaouamini: karatasi yake itasomwa mbali, na feza ile ile inatosha kulipa mwalimu wa fizikia siku ya Jumamosi, miezi miwili. Ndivyo tulivyofanya. Anafundishwa pamoja na wenzake wanne, chini ya mwembe wetu.

Tuingie katika dosie. Mtoto anapoambiwa amefaulu, universite haimpokei kwa poda. Inaomba karatasi. Kila mahali wana orodha yao, lakini zinafanana sana: biletini za miaka miwili ya mwisho (ule mwaka wa 5 na wa 6 wa zamani, sasa wanaiita wa 3 na wa 4 wa humanite), hati ya kufaulu Exetat, hati ya kuzaliwa, hati ya mwenendo mzuri, cheti cha daktari, na picha ndogo za uso. Diploma yenyewe inachelewa, wakati mwingine miaka, ndiyo maana hati ya kufaulu inatumika kwanza.

Angalieni orodha hiyo vizuri. Katika karatasi hizo, ni moja tu inayongojea matokeo. Nyingine zote, au karibu zote, zinaweza kuanza kutafutwa leo. Biletini ya mwaka uliopita iko wapi? Kwetu, ya kijana ilikuwa imebaki kwa prefe kwa sababu minervali ya trimestre moja haikumalizika. Tulilipa kidogo kidogo mpaka Noeli, na sasa iko kwenye sanduku. Hati ya kuzaliwa tuliiomba kwenye komini mwezi wa 11, wakati hakuna msururu. Mwezi wa 9, wakati mji mzima unataka karatasi hiyo juma moja, kila kitu kinakawia na kila mtu anayejua kusukuma dosie anataka chake. Cheti cha daktari na cha mwenendo tumeviacha mpaka mwezi wa 7, kwa maana vinazeeka. Picha vilevile.

Halafu kopi. Kila karatasi tunayopata, tunatoa kopi tatu na kupiga picha kwa telefone. Asili haitoki nyumbani bila mkubwa mmoja kwenda nayo.

Sasa feza. Mtu akisema "universite inauzwa kiasi gani", anafikiri minervali tu. Minervali si neno la mwisho, na mara nyingi si kubwa kuliko yote. Inalipwa kwa sehemu, kwenye banki, na bordero ya banki inatunzwa kama biletini. Kinachomaliza mtoto wa Likasi anayekwenda Lubumbashi ni mambo mengine: chumba na garanti yake ya miezi, unga, makala, taksi za kila siku, kopi za kozi. Ni kilometa 120 hivi tu kutoka hapa, lakini hauwezi kulala Kikula na kuingia auditwari asubuhi kule Kasapa. Kwa hiyo anayesoma mbali ana nyumba ya pili ya kulisha.

Tulichukua karatasi kubwa na kuandika mistari mitano: kuandikishwa, minervali, chumba, chakula, kopi na safari. Mbele ya kila mstari tuliandika bei tuliyoulizia kwa mtoto wa jirani anayesoma mwaka wa pili, si bei ya kukisia. Halafu tukatenganisha feza ya siku ya kwanza na feza ya kila mwezi. Feza ya siku ya kwanza ni ile lazima iwe mkononi mwezi wa 10. Feza ya kila mwezi inaweza kutoka sokoni na kwenye milango ya chuma, tukipunguza mambo mengine.

Kwa feza ya siku ya kwanza, likelemba yetu ndiyo inatusaidia. Tuko wamama 10 sokoni, kila mmoja anatoa franka 50,000 kwa mwezi, zamu ni franka 500,000. Zamu yangu ilikuwa mwezi wa 4. Nilimwomba mama mwenzangu aliye na zamu ya mwezi wa 10 tubadilishane, naye alikuwa na paa la kutengeneza mbele ya mvua kurudi, kwa hiyo akafurahi kupata yake mapema. Hilo halikuniongezea hata franka moja. Lakini nikipokea mwezi wa 4, najua vizuri: itakula ugonjwa, itakula kilio, na mwezi wa 10 nitakuwa mikono mitupu.

Kuna pia bourse. Ziko kweli, lakini ni chache, na kila moja ina mlango wake. Programu Excellentia ya Fondation Denise Nyakeru Tshisekedi, iliyoanza 2019, inatafuta vijana waliopata asilimia za juu kabisa katika Exetat. BEBUC, iliyoanzishwa na profesa Gerhard Bringmann wa universite ya Würzburg kule Ujerumani pamoja na profesa Mkongomani Virima Mudogo, inawasaidia wanafunzi bora wa universite za Congo. Mtoto asiyepata kitu leo anaweza kujionyesha akiwa tayari katika auditwari. Kwa hiyo mwambieni: kumaliza Exetat si kumaliza kusoma kwa nguvu.

Na sisi watu wa shaba tuna mlango mwingine ambao wengi hawaugongi. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka wa 2018 inalazimisha kampuni inayochimba kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa mahali pake. Tena, katika kodi ile ya madini, asilimia 15 ni ya mji, komini, sekteri au shefri ambamo mgodi uko. Feza hizo ni za barabara, za maji, za afya, lakini masomo pia ni maendeleo. Wazazi saba tumeandika barua kuomba kujua kama kuna sehemu ya bourse. Tumeweka kopi yenye muhuri wa kupokelewa. Jibu likija, mtalisoma hapa.

Lakini muwe na macho. Kila mwaka, karibu na matokeo, kunazunguka katika WhatsApp ujumbe wa "bourse ya Kanada" au "bourse ya Uchina", na mwisho wake namba ya kutumia feza "ya dosie" kwa M-Pesa au Airtel Money. Anayekupa bourse haanzi kwa kukuomba feza kwa namba ya mtu. Mkiona hivyo, futa.

Imebaki sehemu ya nne, ile ambayo hatukuiandika mezani mwezi wa 9 kwa sababu hakuna aliyetaka kuisema. Karatasi yetu ilipomalizika kuhesabiwa, ilionekana wazi: tunaweza kulisha nyumba moja ya Lubumbashi, si mbili.

Binti yangu anataka kuwa daktari wa nyama. Nonko zake walicheka: "Mganga wa mbuzi? Mwanamke?" Lakini mtoto huyu anafuga kuku 30 nyuma ya nyumba, na ugonjwa ulipopita katika kartie yetu mwaka juzi, alijifunza mwenyewe kuwachanja na akawachanjia majirani. Fakilte ya mambo ya nyama iko kwenye Universite ya Lubumbashi. Kijana naye alitaka Lubumbashi, kusoma uchumi, kwa sababu marafiki zake wote wanakwenda kule.

Tuliita jamaa wakati wa Noeli. Nonko mkubwa alisema kile nilichokingojea: mtoto mwanaume aende kwanza, msichana atapata bwana. Mdogo wangu wa Kambove alinyamaza, halafu akasema kitu kilichoniuma zaidi: "Yaya, najua utachagua wako. Ni kawaida." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyekwisha kujitayarisha.

Nilileta karatasi. Nikamsomea mstari kwa mstari. Uchumi unafundishwa hapa hapa, kwenye Universite ya Likasi. Akibaki nyumbani, chumba kinatoka, makala yanatoka, safari zinatoka, inabaki minervali na kopi. Mambo ya nyama hayafundishwi hapa. Tena, tangu mfumo wa LMD uingie katika universite zetu mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi ni miaka mitatu, na mastere miaka miwili. Kijana anaweza kupata lisansi yake Likasi, halafu akaenda Lubumbashi kwa mastere, wakati huo akiwa mkubwa na labda na kazi kidogo. Nikamwambia mdogo wangu: "Kama ingekuwa yeye anataka mambo ya nyama na wangu anataka uchumi, karatasi ingesema kinyume."

Kijana mwenyewe ndiye aliyejibu. Aliomba vitu viwili: kwamba miaka mitatu ikiisha hakuna atakayesema "ulikwisha soma", na kwamba ahadi hiyo iandikwe. Iliandikwa. Bwana yangu alitia sahihi, mimi, mdogo wangu, na nonko mkubwa pia, ingawa aliandika jina lake dogo sana pembeni. Mdogo wangu alirudi Kambove bila kucheka sana. Ninajua bado anaangalia. Ni haki yake, na ni deni langu.

Hatujui matokeo. Mmoja anaweza kupata 70 na mwingine 52, au mmoja asifaulu kabisa, na hesabu zote zitabadilika. Ila karatasi ziko kwenye sanduku, zamu ya likelemba iko mwezi wa 10, na watoto wote wawili wanajua nyumba ina kiasi gani. Hakuna anayengojea muujiza wa baba.

Jumamosi ya juma lijalo, binti yangu na mimi tunapanda basi ya asubuhi kwenda Kasapa kusoma kwenye kuta matangazo ya mwaka huu, na juma linalofuata kijana atafanya vile vile hapa Likasi. Bei na orodha za karatasi tutakazozikuta, nitaziandika hapa, fakilte kwa fakilte. Kama una finalisti nyumbani, leo jioni mwulize biletini yake ya mwaka jana iko wapi.